Namba ya injini iliyotutenga na Baba Mdogo

IKIWA umewahi kutafuta gari kuukuu la kununua hapa Nairobi, bila shaka kuna mtu aliyekunong'oneza: "Kabla hujatoa pesa, angalia namba ya injini." Ushauri huo ni mzuri na mimi siupingi. Ila wengi wanaoutoa hawakwambii namba yenyewe hutafutwa wapi, wala hawakwambii kwamba injini moja yaweza kubeba namba tano sita, kila moja ikieleza habari zake bila kujua kabisa habari za mwenzake. Katika familia yetu ilisomwa moja tu, tena kwa haraka, na ikatugharimu miaka kumi na mitatu.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja katikati ya jiji kwa miaka thelathini na mmoja hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafaili. Spana sikuwahi kushika, na hata leo nikifunguliwa boneti ya gari jambo la kwanza ninalotafuta ni mahali pa kuweka mkoba wangu. Kwa hivyo, wewe dada unayesoma ukurasa huu ukidhani mambo ya injini ni ya wanaume, tafadhali usiligeuze gazeti bado.

Marehemu Baba alikuwa mpiga chapa. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1973 alimchukua kaka yangu mkubwa wakaenda kusimama kando ya barabara kutazama magari ya Safari. Wenye umri wangu mtakumbuka jinsi Pasaka na Safari zilivyokuwa kitu kimoja siku hizo. Mwaka huo mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na msoma ramani wake Lofty Drews, katika gari la Datsun 240Z. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kukata pumzi, kwani Mehta alilingana alama na Harry Källström wa Uswidi, ambaye naye alikuwa katika Datsun ya aina nyingine, ikabidi kanuni za mashindano zifunguliwe ili mshindi apatikane. Miaka miwili kabla ya hapo, 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda Safari kwa 240Z vilevile.

Baba alirudi nyumbani akiwa na vumbi hadi kwenye kope, na ugonjwa usiokuwa na dawa. Mwaka 1979, baada ya kubana matumizi hadi tukazoea, alinunua 240Z yake mwenyewe. Ilikuwa imeshatumika na watu wawili kabla yake. Ilikuwa nyekundu, ya mwaka 1972, yenye boneti ndefu kama pua ya kuku mweledi, na mlio ambao majirani wa Uthiru waliutambua tangu ikiwa Kangemi.

Mama alitoka nje, akalizunguka mara moja, akachungulia ndani.

"Baba watoto," akasema, "sisi tu watu saba. Hili lina viti viwili. Watano tutawafunga wapi?"

"Watapanda kwa zamu," Baba akajibu.

Na kweli tulipanda kwa zamu. Nilikuwa mtoto wa nne, na nakwambia msomaji, zamu ya mtoto wa nne huchelewa sana kufika.

Sasa nikupeleke moja kwa moja hadi mwaka 1994. Baba alikuwa akitoka Naivasha, anapanda kuja Nairobi, mpira wa maji ukapasuka na injini ikachemka. Mtu mwenye akili angesimama. Baba alikuwa na akili katika mambo yote isipokuwa gari hilo, akasema moyoni kwamba Limuru si mbali. Alifika Limuru kweli, lakini kuanzia hapo gari lilivutwa kwa kamba hadi Kangemi, kwa mdogo wake, tunayemwita Baba Mdogo, ambaye alikuwa na gereji ya wazi chini ya mti, pembeni mwa Waiyaki Way. Lilikaa pale miezi saba. Liliporudi lilikuwa linanguruma vizuri. Mama alipouliza lilikuwa limeharibika nini muda wote huo, Baba alijibu kwa neno moja: "Gasketi."

Baba alifariki mwaka 2008. Miaka mitatu baadaye kaka yangu akalipeleka gari katika gereji moja ya Westlands, yenye sakafu safi na mafundi waliovaa ovaroli za kufuliwa kila siku. Jina lake nitalihifadhi. Alitaka tu kujua thamani yake. Fundi alifungua boneti, akainama upande wa plagi, akasoma herufi moja na tarakimu mbili zilizochomoza kwenye chuma: N42. Akasimama wima.

"Mzee, hii si injini ya 240," akamwambia kaka. "N42 ni L28. Hii imetoka kwenye Patrol au gari la namna hiyo. Mwenyewe yuko wapi?"

Hebu jiweke mahali pa kaka. Gari lililala miezi saba kwa Baba Mdogo. Liliingia na injini ya Safari, na sasa unaambiwa iliyomo ni nyingine. Injini ya kwanza ilikwenda wapi? Hakuuliza swali la pili pale gereji. Alilibeba la kwanza hadi nyumbani, akalitunza kama yai mpaka siku ya kumkumbuka Baba, tulipokuwa tumekusanyika wote Uthiru, sahani mikononi.

"Baba Mdogo," akasema mbele ya wazee, "ulimuuzia nani injini ya Baba?"

Nilikuwa nimeketi karibu. Niliona jinsi Baba Mdogo alivyoweka sahani chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga mchuzi.

"Aliyenipa gari hilo yuko kaburini," akasema. "Nikikujibu leo nitakuwa nimemsemea marehemu." Akachukua kofia yake akaenda. Kutoka siku hiyo hakukanyaga tena kwetu. Harusi zikapita, mazishi yakapita. Kutoka Kangemi hadi Uthiru ni dakika chache za matatu, lakini kwetu ikawa kama safari ya ng'ambo.

Tulimhukumu. Mimi pia nilimhukumu, sitajificha nyuma ya kaka. Kimya chake tulikichukua kuwa ndicho jibu.

Mwaka 2024 Mama, ambaye ni mwenye miaka themanini na minne, alianguka bafuni na nyonga ikaharibika. Daktari alitaka kumfanyia upasuaji, na bima yetu ilifika nusu ya njia ikachoka. Ndipo tukalikumbuka gari bandani. Tulipata mnunuzi, bwana mmoja wa Lavington anayependa magari ya zamani na aliyekuwa na hamu ya kushiriki siku moja mbio za Safari za magari ya kale, ambazo zilianzishwa mwaka 2003. Alizungumza kwa uwazi. Ikiwa injini iliyomo ni ile iliyotoka nayo kiwandani, bei ni hii. Ikiwa ni ya gari jingine, bei ni karibu nusu yake. Kaka akasema tumwambie ukweli, tuchukue hiyo nusu.

Nilikubali kwamba aambiwe ukweli. Lakini kuna jambo lilinikera, nalo linatokana na kazi yangu ya zamani. Katika masjala, mtu akikuletea faili na kusema "hili ndilo", huwezi kuliamini kwa sababu ya herufi moja ya jalada. Hutazama namba yote. Nikamuuliza kaka: "Hiyo N42 mliisoma wapi kwenye injini?" Akasema: "Kwenye injini." Nikajua hajui.

Siku ya pili nikashuka mjini, nikapita mzunguko wa Globe na kuingia Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kama hujafika huko, ni barabara ambapo unaweza kuuliza kidude cha gari lililoacha kutengenezwa kabla hujazaliwa, na kijana akatokomea uchochoroni na kurudi nacho mkononi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye duka jembamba, rafu hadi darini, visanduku vyenye vumbi. Nikaanza kumweleza habari za gari la Baba. Akaniinulia kiganja.

"Mama, usinitajie gari. Nitajie namba."

Nikamwambia nina N42 tu. Akacheka kidogo, akashusha kisanduku cha plagi, kingine cha filta ya oili, na gasketi iliyofungwa kwa nailoni, akavipanga mbele yangu.

Namba ya spea ya Nissan, akanieleza, ina nafasi kumi na kistari katikati. Tano za mwanzo ni jina la kitu chenyewe. Plagi ni 22401, iwe ya gari dogo au la mizigo. Filta ya oili ni 15208. Gasketi ya silinda hedi ni 11044, ringi za pistoni ni 12033. "Hizo tano za kwanza hukwambia ni kitu gani. Tano za mwisho ndizo kabila lake, zinakwambia kilitengenezewa injini gani." Kisha akanionyesha kwamba zile herufi fupi zinazochomoza kwenye chuma, kama E31, E88 na N42, hutokana na mwanzo wa hiyo nusu ya pili.

Msomaji, nusura nimkumbatie. Hivyo ndivyo mafaili yetu yalivyokuwa yakipewa namba! Idara kwanza, kisha jalada. Miaka thelathini na mmoja niliishi ndani ya mfumo huo bila kujua kwamba plagi nayo ina masjala yake.

Mzee akachukua kipande cha katoni na kalamu, akachora injini. Chini akachora bloku, ambayo ni ya chuma cha kusubu, ndimo pistoni hupanda na kushuka. Juu yake akachora silinda hedi, ambayo katika injini hii ni ya aluminiamu, na ndiyo inayobeba vali na plagi. "Bloku ni mtu," akasema, "hedi ni kofia. Mtu hubadilisha kofia akabaki yeye yule. Sasa, hiyo N42 yako iko kwenye kofia au kwenye mtu?"

Hapo ndipo mtego ulipo, na huenda ukakusaidia wewe pia. Injini ya 240Z huitwa L24, ina silinda sita na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393. Dada zake ni L26 na L28, na hiyo L28 ina ukubwa wa 2,753. Iliwekwa katika magari mengi, Patrol za miaka ya themanini zikiwemo. Kwa nje zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, na hedi ya hii huweza kukaa juu ya bloku ya ile. Isitoshe, kuanzia mwaka 1975 Nissan ilitumia alama N42 kwenye bloku ya L28 na pia kwenye hedi yake. Kwa hivyo fundi wa Westlands hakusema uongo kwamba N42 ni ya L28. Aliisoma kwenye kofia akamtangaza mtu.

"Namba ya mtu mwenyewe iko wapi?" nikauliza.

Akaniwekea alama ya msalaba katika mchoro wake: upande wa kulia wa bloku, nyuma kabisa, pale juu inapokutana na hedi. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, ni upande wa dereva. Pale pamepigwa mhuri aina ya injini na namba yake. Akaniambia pia nitafute kibati kidogo ndani ya boneti, ambacho kiwanda kiliandika aina ya gari, ukubwa wa injini na namba yake, kisha nilinganishe vyote na logbuku. Namba ya gari lenyewe ingeanza na HS30. Nikiona HLS30, hiyo L ya katikati ni ya usukani wa kushoto, na hapo nijue nina hadithi nyingine kabisa.

"Na mtu akipiga namba ya uongo?"

"Angalia uso wa chuma. Akikwangua ili apige upya, pale patakuwa laini kuliko jirani yake, na tarakimu zitakuwa zinalewa. Hata hivyo kuna kipimo kisichopigwa mhuri. Tundu la silinda la L24 ni milimita 83, la L28 ni 86. Ukitoa hedi na kupima, hakuna wa kukudanganya."

Nilimlipa plagi sita ambazo sikuwa na haja nazo, kwa heshima. Nikapanda matatu kurudi Uthiru, nikapita Westlands chini ya zile nguzo za barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, katoni lile likiwa ndani ya mkoba wangu limekunjwa mara nne.

Asubuhi iliyofuata nikafungua banda. Mama alitaka kuletwa kiti, akaketi mlangoni na shali yake, gongo mapajani. Nilikuwa na mafuta ya taa, mswaki wa zamani, vitambaa na chaki ya mjukuu wangu. Mzee alikuwa amenionya nisitumie msasa, kwa sababu msasa hula namba pamoja na kutu, kisha ukawa na kazi ya kumweleza askari kwamba wewe si mwizi.

N42 niliipata mara moja. Iko ubavuni, upande wa plagi, kwenye hedi. Kwenye kofia. Moyo ulianza kunidunda lakini nikajiambia nitulie, kwa maana hiyo haijathibitisha lolote. Kofia ya L28 yaweza kuwa juu ya L28.

Nikahamia nyuma. Palikuwa na ukoko wa grisi na vumbi la miaka arobaini, mgumu kama ukoko wa ugali. Nilisugua, nikafuta, nikasugua. Saa nzima ilipita.

"Unatafuta nini humo?" Mama akauliza.

"Namba, Mama."

"Baba yako naye alikuwa akijifungia humo siku nzima, ukimuuliza atakwambia kitu kama hicho."

Kwanza ilitokea L. Kisha 2. Halafu kitu ambacho ningeweza kuapa ni 8, na mikono yangu ikalegea. Nilikaa chini kwenye debe. Nikamfikiria Baba Mdogo, na naona haya kukuambia kwamba nilihisi nafuu kidogo, kwa sababu kama alikuwa ameiba kweli, basi hatukuwa tumemdhulumu. Kisha nikakumbuka chaki. Ukipaka chaki juu ya chuma na kufuta kwa kiganja, unga hubaki katika mifereji ya mhuri tu. Nikapaka, nikafuta, nikamulika kwa simu kutoka ubavuni.

Ilikuwa 4. Kutu ilikuwa imechimba kishimo pembeni na kukipa kitumbo. L24. Tarakimu zilizofuata nilizisoma moja moja kwa sauti, Mama akinisomea za kwenye logbuku kutoka mlangoni kwa miwani yake ya kusomea Biblia. Zote zililingana. Kibati nacho, nilipokipangusa, kiliandika 2,393 na namba ile ile. Uso wa chuma pale ulikuwa na ukwaru sawasawa na kwingine kote.

Injini ilikuwa ya Baba. Haikuwahi kuondoka.

Nilimpigia kaka na kumtumia picha. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, halafu akasema: "Nipigie tena baadaye." Sikumsubiri. Nikafunga kanga, nikaenda Kangemi.

Gereji ya chini ya mti haipo tena, pamejengwa maduka. Baba Mdogo nilimkuta nyuma ya nyumba yake, ameketi juani, miguu imevimba kwa sukari. Nilimwamkia, akaitikia kwa adabu kama mtu anayeitikia mgeni. Nikampa simu. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaitazama ile picha ya chaki.

"Nani aliyekuonyesha mahali pa kuangalia?"

"Mzee mmoja wa Grogan."

Akatikisa kichwa, akaniomba nimsaidie kusimama. Tukaingia stoo. Pembeni, chini ya mabati na magurudumu, palikuwa na gunia. Alinifungulia. Ndani yake mlikuwa na silinda hedi ya aluminiamu, nyeupe ya kufifia, na ubavuni imeandikwa E88. Akanipitisha kidole juu ya ufa mwembamba kama unywele, kutoka vali moja hadi nyingine katika silinda ya tano.

"Aluminiamu haivumilii moto," akasema. "Bloku ilipona, hii ikajipinda na kupasuka. Nilitafuta E88 nyingine miezi minne, mji mzima, sikuipata. Nikapata N42 kwenye gari lililopata ajali. Boliti ni zile zile. Baba yako aliilipia, na hii akaniambia nisiitupe, siku moja ataichomelea."

"Kwa nini hukutuambia siku ile?"

Aliketi juu ya gurudumu. "Pesa alizolipa zilikuwa za mabati ya jikoni kwa mama yako. Aliniapisha. Aliniambia nikiulizwa niseme gasketi. Mbele ya wazee wote, mbele ya mama yako mjane, ungetaka niseme nini?"

Sikuwa na neno. Mvua ya mwaka huo naikumbuka. Mama alipika akiwa amefunika sufuria kwa karai na kichwa kwa mfuko wa nailoni.

Jumamosi mnunuzi alikuja na fundi wake. Teksi ikamleta Baba Mdogo, gunia likiwa kwenye buti. Kaka alikuwa amefika tangu asubuhi, amepiga pasi shati kama mtu anayekwenda kuposa. Alimwendea Baba Mdogo pale mlangoni pa banda, akafungua mdomo.

"Baba Mdogo, mimi..."

"Shika tochi," Baba Mdogo akamwambia.

Kaka akashika tochi. Baba Mdogo akainama chini ya boneti, taratibu, mkono mmoja kwenye bega la kaka, akawaonyesha wageni msalaba ulipo, kisha hedi, akaeleza kila kitu bila kuficha. Mnunuzi alipunguza bei kidogo kwa sababu ya hiyo N42, lakini alipoona ile E88 ndani ya gunia, ufa na yote, macho yalimtoka, akairudisha bei ilipokuwa. Alisema anamjua mchomeleaji. Upasuaji wa Mama ulifanywa mwezi huo huo.

Ila hayo yalikuja baadaye. Siku hiyo, wanaume walipokuwa wakihesabu boliti, Mama aliniita nimweleze kilichosemwa bandani, nami nikamweleza yote, pamoja na habari za mabati. Alinyamaza. Nikaogopa. Kisha akaomba gongo lake, akajikokota hadi mlangoni mwa sebule na kumsubiri shemeji yake, ambaye alikuwa amesimama uani akifuta mikono kwa kitambaa, asijue kama aingie au aende zake.

"Ingia, fundi wa gasketi," Mama akamwambia. "Chai inapoa."